Rangi si Dawa ya Injini

Ndugu msomaji, Jumapili ya leo naomba tuache kidogo mambo ya mapishi na malezi, twende uani. Katika nyumba nyingi za jiji letu, tangu Ilala hadi Magomeni, uani ndiko kunakofuliwa nguo, ndiko kunakochezwa na watoto, na mara nyingine ndiko inakoshushwa injini ya gari. Gari lenyewe aghalabu si la anasa. Ni teksi, au ni kigari cha kuchukulia bidhaa za duka, na ndilo linalolipa kodi ya nyumba na ada ya shule. Injini yake ikifa, nyumba nzima imeugua.

Injini ikifa, wengi wetu hatuna uwezo wa kununua mpya. Tunashika njia ya Kariakoo, upande wa Gerezani, ambako injini zilizokwisha kutumika Japani na kwingineko hupangwa mbele ya maduka zikimsubiri mnunuzi. Hapo ndipo nataka tuzungumze, maana miaka michache iliyopita kaka yangu alikwenda kununua injini ya Corolla yake ya teksi, akarudi na somo ambalo sisi sote katika ukoo tulilichangia kwa fedha taslimu.

Mjini aliona injini mbili. Moja ilikuwa chafu, imejaa masizi na oili iliyoganda. Ya pili ilikuwa imepakwa rangi ya fedha tangu juu hadi chini, iking'aa kama sufuria la bibi harusi. Bei zilikaribiana. Je, ungekuwa wewe, msomaji, ungechukua ipi? Kaka alichukua bibi harusi.

Wiki ya tatu, akiwa na abiria katika Barabara ya Morogoro, pale bondeni Jangwani, injini ilichemka. Kumbe ubavuni mwa bloku mlikuwa na ufa uliozibwa kwa pute, na pute ikafunikwa kwa ile rangi. Maji yalitoka kidogo kidogo hata yakaisha, joto likapanda, gasketi ya silinda hedi ikaungua, na oili ikageuka kama chai ya maziwa. Aliporejea kwa muuzaji, alijibiwa kwa upole: "Ndugu yangu, si ulichagua kwa macho yako mwenyewe?"

Mjomba wetu, mstaafu wa karakana ya reli, alipoitwa kuitazama maiti ile hakucheka wala hakulaumu. Alisema tu: "Mwanangu, anayeuza hupaka ili wewe usione. Anayetunza husafisha ili yeye aone, kisha ndipo hupaka."

Injini iliyofuata tuliinunua ikiwa chafu, na kwa sharti kwamba ioshwe mbele yetu kabla ya kulipa. Tuliikarabati uani kwa siku tatu chini ya usimamizi wa mjomba, nami nikaandika kila alichosema.

La kwanza ni kuosha. Ziba kila tundu, la hewa, la maji na la oili, kwa plastiki na kitambaa safi, kwa sababu chembe moja ya mchanga ikiingia ndani itakwangua beringi na silinda. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Usioshe kwa petroli, japo mafundi wengi wa gereji bubu hufanya hivyo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi ulifikie jiko la mkaa la jirani. Tena ndani yake mna benzini, ambayo huweza kuleta saratani ya damu kwa mtu anayeivuta miaka mingi. Soda ya kostiki nayo isiguse aluminiamu, kwani huila na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka upesi. Basi ujue metali yako: katika injini ya 5A ya Corolla bloku ni ya chuma cha kutupwa na silinda hedi ni ya aluminiamu, katika 1NZ ya magari kama IST, hata bloku yenyewe ni ya aluminiamu. Na ile oili chafu ikinge katika dumu. Ukiimwaga mtaroni, mvua itaipeleka Mto Msimbazi, na Msimbazi utaifikisha baharini pale Selander.

La pili ni kung'arisha. Chuma hustahimili brashi ya waya. Aluminiamu ni laini, nayo yataka msasa laini uliolowanishwa maji. Kule kulowanisha si kwa ajili ya metali tu bali ni kwa ajili ya mapafu yako. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama katika damu ya mtoto. Gasketi za zamani nazo huweza kuwa na asbesto, kwa hiyo zikwanguliwe zikiwa mbichi, wala zisipulizwe kwa pumzi. Nao wanaosafisha vyuma kwa kuvipulizia mchanga mkavu wakumbuke kwamba vumbi lile likishaharibu mapafu halina tiba. Funga pua na mdomo, watoto wapelekwe kwa bibi yao, na uwanja uoshwe kabla hawajarudi. Aidha, pale panapokutana bloku na silinda hedi usipitishe mashine ya kusaga. Bonde dogo lisiloonekana kwa jicho latosha kupitisha maji.

Wakati huu wa kung'arisha ndio wakati wa kuona. Mjomba alipitisha kidole pole pole kama daktari, akiutafuta ufa, kutu iliyochimba, na boliti iliyokatikia ndani. "Metali ikiwa uchi haisemi uongo," alituambia.

La tatu ni kupaka. Kwa nini basi tupake, ikiwa rangi si dawa? Tunapaka kwa sababu tunaishi pwani, na upepo wa chumvi hauna huruma kwa chuma kisicho na nguo. Chuma kikauke kabisa, kifutwe kwa tina, kipakwe praima, kisha rangi ya kuhimili joto kwa matabaka membamba mawili au matatu, kila moja likisubiri la kabla yake likauke. Usipake asubuhi yenye unyevu wa masika, maana rangi itafura malengelenge. Bomba la kutolea moshi hufikia mamia ya digrii. Rangi ya kawaida itaungua na kunuka, kwa hiyo usilipake.

Wala usipake nyuso za gasketi, nyuzi za boliti, plagi za nyaya, wala mahali unapofungwa ule waya mnene wa hasi utokao kwenye betri. Kaka yangu, kwa furaha ya kupaka, aliisahau hii ya mwisho. Gari lilipowashwa lilipiga kite tu na kunyamaza. Tulihangaika saa nzima, hadi mjomba alipokwangua rangi kiasi cha ukubwa wa sarafu, na injini ikaamka.

Kuhusu rangi yenyewe, kaka alitaka nyeusi. Mjomba akachagua kijivu cheupe. Katika nyeusi, alisema, oili inayovuja hujificha. Katika nyeupe, tone moja huonekana kabla halijawa hasara.

La mwisho ni la sheria. Namba ya injini usiisage wala usiifunike kwa rangi. Namba ile imeandikwa katika kadi ya gari, na ukibadili injini huna budi kwenda Mamlaka ya Mapato ili kumbukumbu zirekebishwe. Dai stakabadhi siku ya kununua, uitunze pamoja na karatasi za gari. Injini isiyo na karatasi huweza kukugeuza mtuhumiwa wa wizi usioujua.

Nanyi akina mama, msidhani haya ni ya wanaume peke yao. Fedha ya injini hutoka katika mfuko ule ule unaotoa unga na sare za shule. Shemeji yangu ndiye atunzaye stakabadhi ya injini ile, na kila Jumapili asubuhi hufunua boneti, akapitisha kitambaa cheupe juu ya kile kijivu. Mwaka jana kitambaa kilirudi na doa. Ilikuwa sili ndogo ya oili, ikabadilishwa siku ile ile, na Jumatatu alfajiri teksi ilikuwa barabarani.

Basi, ndugu msomaji, ukifika Gerezani ukaikuta injini inayong'aa kupita kiasi, omba maji na sabuni kabla hujatoa pochi. Tukutane tena Jumapili ijayo.