Nia njema haimsafishi Blair

Septemba 2025, Rais Donald Trump alipotangaza mpango wake wa kumaliza vita vya Gaza, alimtaja Tony Blair, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, kuwa miongoni mwa watakaokaa kwenye bodi ya kuusimamia. Miaka 18 baada ya kuondoka Downing Street, kiongozi aliyewapeleka Waingereza kuivamia Iraki alikuwa anatafutiwa kazi katika ardhi nyingine ya Waarabu iliyobomolewa kwa mabomu. Watetezi wake wanasema muda wa kutosha umepita, sasa atazamwe upya na urithi wake upimwe kwa utulivu. Tumemtazama upya, na hatuoni sababu ya kulegeza hukumu.

Hatumnyimi haki yake. Mkataba wa Aprili 10, 1998 uliituliza Ireland Kaskazini baada ya miaka 30 ya damu, na wiki chache kabla hajang'atuka, Mei 2007, mahasimu wa siku nyingi, Ian Paisley na Martin McGuinness, waliingia pamoja katika serikali moja. Hilo lilimtaka uvumilivu ambao viongozi wachache wanao. Sierra Leone inamkumbuka kwa wanajeshi aliowatuma mwaka 2000 wakati waasi wa RUF wakiitishia Freetown. Sisi wa Afrika Mashariki tunakumbuka Tume ya Afrika aliyoiunda, ambayo Rais Benjamin Mkapa alikuwa mjumbe wake, na mkutano wa mataifa tajiri wa Gleneagles wa Julai 2005 uliobariki kufutwa kwa madeni ya nchi 18, Tanzania, Uganda na Rwanda zikiwamo. Fedha ambazo zingelipa riba zilibaki kwa ajili ya madarasa na zahanati.

Hayo yote ni kweli. Lakini uhai wa mtoto wa Basra haulipiki kwa deni lililofutwa Dar es Salaam. Wanaotaka mema ya Blair yajumlishwe, kisha Iraki itolewe humo, wanaomba hesabu ambayo wafiwa hawakuulizwa kama wanaikubali.

Iraki haikuwa ajali iliyomkuta madarakani. Aliichagua. Julai 28, 2002, miezi minane kabla ya vita, alimwandikia Rais George W. Bush kumhakikishia kwamba angekuwa naye kwa lolote litakalotokea. Wakati huo Bunge lake halikuwa limeulizwa, wakaguzi wa silaha hawakuwa wamerejea Baghdad, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa halijapitisha azimio namba 1441 la kuitaka Iraki iwakubali wakaguzi hao. Septemba mwaka huohuo serikali yake ikatoa waraka uliosema Rais wa Iraki, Saddam Hussein, angeweza kuziweka tayari silaha za kemikali na za kibiolojia ndani ya dakika 45 za amri yake. Magazeti ya London yakaueneza kwa vichwa vya habari vya kutisha, na wananchi wakaogopa.

Utetezi wa Blair, tangu siku ile hadi leo, ni mmoja: aliamini. Alipotangaza kung'atuka, Mei 2007, aliwaambia wapiga kura wa jimbo lake kwamba alifanya alichoona ni sahihi. Wapo wanaoona kauli hiyo inatosha. Wazee walisema nia njema ni tabibu, lakini tabibu anayemkata mtu mguu kabla ya kumpima hasameheki kwa kuwa alimpenda mgonjwa wake. Kazi ya kiongozi anayetaka kupeleka vijana wa watu kuua na kufa ni kuuliza, kisha kuuliza tena, mpaka asiwe na la kuuliza.

Je, aliuliza? Februari 2004 alikiri mbele ya Bunge kwamba siku ya kura ya vita hakujua kama zile dakika 45 zilihusu makombora ya masafa marefu au silaha ndogo za uwanja wa mapambano. Tofauti hiyo ndiyo iliyotenganisha hatari kwa nchi jirani na hatari kwa askari walio mbele ya adui. Robin Cook, waziri katika baraza lake hilohilo, alikuwa amepewa maelezo ya kijasusi, akauliza maswali, akafikia uamuzi kwamba huenda Saddam hakuwa kabisa na silaha za maangamizi kwa maana inayoeleweka na watu wengi. Machi 17, 2003 akajiuzulu na kulieleza Bunge sababu zake kwa lugha iliyo wazi. Haiwezekani, basi, kusema kwamba ukweli haukuweza kuonekana. Ulionekana na mtu aliyekaa naye meza moja.

Hans Blix, mkuu wa wakaguzi wa Umoja wa Mataifa, alikuwa ameomba miezi tu ya kumaliza kazi. Angola, Cameroon na Guinea, nchi za Afrika zilizokuwa Baraza la Usalama, zilibembelezwa na wajumbe wa London na Washington ziunge mkono azimio la pili, la kuruhusu vita. Kura za kutosha hazikupatikana, na azimio likaondolewa. Kwa wakubwa waliozoea kuamini kwamba Afrika hukubali ikitumwa, lile lilikuwa jibu la heshima. Badala ya kusikiliza, walienda vitani hivyohivyo.

Machi 18, Bunge likapitisha vita kwa kura 412 dhidi ya 149. Hapa hatumwachi Blair abebe mzigo peke yake. Wapinzani wa Conservative, ambao kazi yao ni kuitilia serikali shaka, waliiunga mkono kwa wingi. Wabunge hawakuonyeshwa ushauri wa kisheria wa Machi 7 wa mwanasheria mkuu, Lord Goldsmith, uliojaa tahadhari. Hata baraza la mawaziri halikuusoma wote. Bunge lililokubali kuamua jambo la uhai na kifo bila kuuona waraka huo lilijivua lenyewe wajibu wake.

Gharama yake inajulikana. Wanajeshi 179 wa Uingereza walikufa Iraki, baadhi yao ndani ya magari yasiyohimili mabomu ya barabarani. Tume ya Sir John Chilcot, iliyovichunguza vita hivyo, ilisema Wairaki waliokufa kufikia Julai 2009 hawapungui 150,000, wengi wao raia, na kwamba huenda idadi halisi ni kubwa zaidi. Zaidi ya watu milioni moja walihama makwao. Jeshi la Iraki lilivunjwa kwa amri ya Mmarekani mmoja Mei 2003, maelfu ya wenye mafunzo ya silaha wakarudi nyumbani bila mshahara, na baadhi ya maofisa wake walikuja kuonekana katika safu za kundi la Dola la Kiislamu lililoiteka Mosul mwaka 2014. Blair mwenyewe amekubali kwamba kuna ukweli katika hoja ya kuunganisha vita vile na kuibuka kwa kundi hilo. Zile silaha hazikupatikana kamwe.

Ripoti ya Chilcot ya Julai 6, 2016 haikuacha mwanya wa kujificha. Vita havikuwa njia ya mwisho, kwa kuwa njia za amani zilikuwa hazijaisha. Taarifa za kijasusi zilitolewa kwa uhakika usiostahili. Maandalizi ya siku za baada ya Saddam hayakutosha hata kidogo. Siku hiyo Blair alisema ana huzuni na majuto na anaomba msamaha, kisha papo hapo akasema angefanya uamuzi uleule. Majuto ya aina hiyo hayana kazi kwa mjane wa Fallujah wala kwa mama wa askari wa Uingereza. Mwaka 2022 akapewa nishani ya Garter, moja ya heshima kubwa kabisa za ufalme, ingawa watu zaidi ya milioni moja walitia saini kupinga.

Msimamo wa gazeti hili ni kwamba Tony Blair hastahili wadhifa wowote unaohusu vita na amani katika nchi za Waarabu, na anayempa wadhifa huo anawatukana wafu wa Iraki. Tunalitaka pia Bunge la Uingereza lipitishe sheria inayoilazimisha serikali kupata kura yake kabla ya kushambulia nchi nyingine, na kuweka mezani ushauri wote wa kisheria kabla ya kura hiyo. Mpaka sasa kuomba kura hiyo kumebaki utaratibu wa mazoea tu, na Aprili 2018 Waziri Mkuu Theresa May aliamuru Syria ipigwe mabomu bila wabunge kuulizwa kwanza.