Hasira Bila Tarehe ni Kelele

Wenzangu wa kalamu, leo tusemezane bila kuoneana haya. Ukipita kijiweni, ukiingia kwenye ukumbi wa kughani mashairi, ukifungua miswada ya vijana, jina la Walter Rodney hulikosi. Yupo kwenye fulana, yupo kwenye ubeti. "Mabeberu walitunyonya!" mshairi ananguruma, ukumbi unapiga makofi, basi, kazi imekwisha. Sasa muulize: nani alinyonya nini, wapi, mwaka gani, na faida ikaingia mfuko wa nani? Atakutazama kama umemtukania mama.

Huko ni kumzuga marehemu, jamani. Tumechukua hasira ya Rodney, kazi yake tumeiacha mezani.

Kwani bwana huyu alikuwa nani? Alizaliwa 1942 Georgetown, Guyana; baba fundi cherehani, mama mshonaji. Akasoma Jamaica, akaenda London, na mwaka 1966, akiwa na miaka 24, akapata udaktari wa historia. Hakuupata kwa kunguruma. Alijifunza Kireno na Kispania ili azisome nyaraka za Lisbon na Seville kwa macho yake mwenyewe, ajue biashara ya watumwa iliendeshwaje Afrika Magharibi. Kijana kutoka nchi iliyojengwa kwa jasho la watumwa anakaa kimya kwenye chumba cha nyaraka, anachambua karatasi moja moja. Hiyo ndiyo hasira yenye adabu.

Mwaka huohuo akaja kufundisha Dar es Salaam. Mwaka 1968 akarudi Jamaica. Huko hakujifungia chuoni: alikaa na Marastafari na watu wa mitaa ya mabanda, akawasimulia historia ya Afrika. Serikali ikaona hatari. Oktoba 1968 alitoka kwenda mkutanoni Kanada. Aliporudi akazuiwa kushuka nchini, na Kingston ikawaka moto.

Mwaka 1969 akarudi Mlimani. Hapa wenye majarida madogo tege masikio: wanafunzi walipoanzisha jarida lao Cheche, la kuchapa kwa stensili, daktari huyu wa London aliandika humo. Hakuuliza wasomaji ni wangapi. Aliandika habari ya kazi na wafanyakazi wa Afrika, kwa ushahidi. Jarida lenyewe lilipigwa marufuku 1970. Na Rodney naye hakusalimika hapa kwetu: Desemba 1969 gazeti la chama, The Nationalist, lilimkemea hadharani kwa maneno yake kuhusu mapinduzi. Msijidai kwamba Bongo alikuwa akipigiwa vigelegele tu.

Kisha 1972 kikatoka How Europe Underdeveloped Africa, London na Tanzania Publishing House ya hapahapa. Wengi wanakijua kwa jalada. Kifungueni! Mle hakuna "mabeberu" hewani tu. Unilever inatajwa kwa jina: mawese na karanga za mkulima wa Afrika zinafuatwa mpaka zinakuwa sabuni na majarini, na faida mpaka Ulaya. Ndiyo maana kinauma hadi leo. Tusi hujibiwa kwa tusi. Hesabu hujibiwa kwa hesabu, na asiye na hesabu hukimbilia rungu.

Rungu lilikuja. Mwaka 1974 aliitwa nyumbani kuwa profesa Chuo Kikuu cha Guyana. Serikali ya Burnham ikafuta ajira hiyo. Angeweza kuishi kwa hotuba. Alihutubia, ndiyo, akajenga chama na wenzake, akashtakiwa 1979 kwa kuchoma jengo la serikali. Lakini katikati ya purukushani hizo aliendelea na utafiti juu ya wafanyakazi wa Guyana kati ya 1881 na 1905. Tarehe 13 Juni 1980 bomu lililofichwa kwenye redio ya mawasiliano lilimuua, akiwa na miaka 38. Kitabu kile kilitoka 1981, mwenyewe yumo kaburini. Tume ya uchunguzi iliyoripoti 2016 ilikuta mkono wa dola katika mauaji hayo.

Najua mtasema: mshairi si mwanahistoria, usitubebeshe makabati ya nyaraka. Sawa, shairi si ripoti. Lakini mshairi anayeimba mkonge bila kujua manamba waliletwa kutoka wapi, kwa mkataba gani, anaimba nini? Kamba? Rodney na wenzake waliwatafiti manamba hao. Wewe uliyezaliwa Tanga umewatafuta wangapi?

Na kuna aibu kubwa zaidi. Rodney alisema wazi kwamba kuimiliki lugha ya watu pamoja na utamaduni wake ni kazi ya maisha mazima. Hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kurudi kwao. Sisi lugha tunayo tangu matitini, bibi zetu wanaozikumbuka enzi hizo wanazikwa mmoja mmoja, na daftari zetu tupu.

Wazee wa pwani historia waliiita tarehe. Neno lilelile la siku na mwezi. Kwa hiyo, mshikaji, kabla hujaandika tena "walitunyonya", nenda kwa bibi, nenda maktaba, nenda Nyaraka za Taifa. Urudi na jina, mahali na mwaka. Hapo nguruma, tutakusikiliza.