Tuache Kulipua Michoro ya Wenzetu

Kila muhula tunaosoma fani za ujenzi tunapewa kazi ya kikundi ya aina ileile: mmoja achore usanifu, mwingine miundo, mwingine umeme, mwingine maji safi na maji taka. Na kila muhula vikundi vinakwama palepale. Hesabu za nguzo zinatoka vizuri tu, ubunifu upo, lakini leya za mchoro wa mtu mwingine zinatutoa jasho mpaka usiku wa manane kabla ya presentesheni. Jambo hili tunalichukulia kama ufundi mdogo wa kompyuta, wa kumwachia yule jamaa mmoja "anayeijua AutoCAD". Mimi naona ni suala la nani ana haki ya kugusa kazi ya nani, na linastahili maksi.

Kwa wasiosoma kozi zetu, mchoro wa kompyuta hupangwa kwa leya: kuta kwenye leya yake, milango yake, samani zake, na kila moja unaweza kuizima ukiwa huihitaji. Mtu wa umeme anapohitaji ramani ya msanifu, hana haja ya kuinakili. Anaiita tu ndani ya mchoro wake kama faili la rejea, sisi tunasema eksirefu. Msanifu akisogeza ukuta na kuhifadhi, mwenzake akipakia upya anaukuta umesogea. Uwezo huu umo ndani ya AutoCAD tangu toleo la 11, mwaka 1990. Yaani umetuzidi umri wengi wetu, na bado tunatumiana ramani kwenye flashi kwa majina kama "FINAL", "FINAL MPYA" na "FINAL HII NDIYO".

Ukiangalia orodha ya leya, zile zilizokuja na rejea utazijua kwa jina. Linaanza jina la faili, unafuata mstari wima, halafu jina la leya yenyewe: RAMANI|A-WALL. Mstari ule ni kama mpaka wa shamba. Leya ya upande wa pili huwezi kuchora juu yake, huwezi kuifuta wala kuibadilisha jina. Unachoruhusiwa ni kuizima, kuigandisha, kuibadilisha rangi au unene wa mstari, ndani ya mchoro wako tu. Ukuta ni wa msanifu, namna unavyoonekana kwenye karatasi yako ni juu yako. Wa umeme anataka kuta ziwe kijivu hafifu ili taa na soketi zionekane. Wa miundo anataka samani zote zipotee. Wote wanapata wanachotaka na hakuna aliyemharibia mwenzake.

Sasa tunafanya nini sisi? Mtu anaona rangi za mwenzake zinamkera, anaifunga rejea ndani ya faili lake kwa Bind, kisha anailipua. Neno zuri sana hilo, kwa sababu ndicho anachofanya: analipua kazi kwa maana zote mbili. Ule mstari wima unageuka kuwa $0$, leya zinajaa majina ya ajabu ajabu, na kuanzia dakika hiyo mchoro wake hausikii tena msanifu anasema nini. Kuna kikundi cha jirani zetu studio kilisimama mbele ya wahadhiri ngazi ikiwa upande wa mashariki kwenye usanifu na upande wa magharibi kwenye miundo. Msanifu alikuwa ameihamisha wiki mbili kabla. Lawama zote alibebeshwa yeye, eti hakusema. Alisema, tena kwa njia sahihi, ndani ya faili. Waliolipua ndio walioziba masikio.

Haki hii ina upande wa pili ambao wasanifu wenzangu hawapendi kuusikia. Ukimpa mtu faili lenye rangi ulizobandika mstari kwa mstari badala ya kuacha kila kitu kifuate leya yake, umemnyang'anya uwezo wa kukupunguzia makali. Atabadilisha rangi ya leya hadi achoke, mistari yako itabaki myekundu vilevile. Ndipo anapoamua kulipua, na kusema kweli simlaumu sana.

Kuna pia VISRETAIN. Ikiwa 1, mabadiliko uliyofanya kwenye leya za rejea yanakumbukwa ukifungua faili kesho. Ikiwa 0, kila ukipakia upya leya zinarudi kama mwenyewe alivyoziacha, na kazi yako ya saa mbili ya kuzizima imekwenda na maji. Wengi hulalamika kuwa "programu imechanganyikiwa" kumbe ni namba moja tu. Na tafadhali, rejea iwekwe kwenye leya yake maalumu, si kwenye ile uliyokuwa unachorea soketi. Siku ukiigandisha leya ya soketi, jengo zima linatoweka, na mtu anaanza kupigia wenzake simu saa nane usiku.

Najua nitajibiwa kwamba Revit imeshamaliza habari hizi. Haijamaliza. Hata huko modeli za wenzako unaziunganisha, na bado lazima mkubaliane nani anamiliki nguzo. Halafu tuambiane ukweli kuhusu laptopu zetu: nyingi zinahema kwa AutoCAD peke yake. Ofisi niliyofanyia fildi ilikuwa ikipokea DWG kila siku, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusafisha leya za watu nisiowajua.

Idara nyingi zinasahihisha karatasi ya A1 peke yake. Mhadhiri anaona mistari iliyopangika, hajui kama nyuma yake kuna faili moja hai au maiti nne zilizoshonwa pamoja. Kwa hiyo anayelipua na anayeheshimu rejea wanapata maksi sawa, na wa kwanza kalala mapema.

Ninachodai ni mambo mawili. Faili likusanywe pamoja na karatasi, kwa ETRANSMIT ili rejea zote ziwemo, na mhadhiri asogeze ukuta mmoja kwenye ramani ya msanifu aone kama michoro mingine itafuata. Dakika tano hazifiki. Na kila kikundi kiwasilishe orodha ya majina ya leya kabla hakijachora mstari wa kwanza. Viwango vipo, ISO 13567 ni kimojawapo, hatuna haja ya kuanza kubuni. Mwakilishi wa darasa letu nimeshampa haya kwa maandishi ayapeleke idarani. Wa madarasa mengine wanajulikana, wafuateni.