Mali Bila Daftari: Nyaraka za Mlimani na Utamaduni wa Taifa

Neno utamaduni limezoea kufungiwa katika ngoma, mashairi, mavazi na vinyago. Hatuna ugomvi na hayo. Ni mali yetu na twayaenzi. Lakini taifa lililounda, mwaka 1962, Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana lilikwisha kutamka, kwa jina la wizara yenyewe, kwamba mambo ya utamaduni na mambo ya vijana hupikwa katika chungu kimoja. Basi michezo ya vijana, makazi yao, magazeti yao, mizaha yao na hata magomvi yao ni utamaduni. Na kama ni utamaduni, kumbukumbu zake ni amana ya taifa zima. Hiyo ndiyo hoja yetu, nasi tutaitetea kwa mfano wa chuo kikuu chetu cha kwanza, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Historia ya kukua kwa chuo hicho si siri. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kilifungua milango yake katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 15, chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa kinachojitegemea. Baadaye kikazaa wana: tawi la kilimo la Morogoro likawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 1984, nazo Muhimbili na Ardhi zikawa vyuo vikuu mwaka 2007. Mabweni yaliyofunguliwa Mlimani mwaka 2017 yalijengwa kulaza wanafunzi 3,840, yaani zaidi ya mara 250 ya wale wa kwanza. Maktaba iliyofunguliwa mwaka 2018 ina nafasi za wasomaji 2,100.

Tunayajua hayo kwa sababu majengo hayasahauliki upesi. Yana ramani, mikataba, hati za malipo na mawe ya msingi. Ukumbi wa Nkrumah ulichapwa hata katika noti ya shilingi 500. Lakini jengo ni ganda. Kiini chake ki wapi? Hebu tuyatazame maneno mawili ya wanafunzi wenyewe: ‘kubebana’ na ‘bumu’. La kwanza lasimulia uhaba wa malazi, mwanafunzi asiye na kitanda akijibanza kwa mwenzake mwenye nacho. La pili ni fedha za kujikimu, zinazongojewa kama mvua ya masika. Mtafiti wa kesho atakayesoma taarifa za ujenzi pekee atahesabu vitanda, asijue ni watu wangapi waliolala juu ya kila kitanda. Atasoma sheria ya Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi mwaka 2005, asijue siku ishirini za kungoja zilipikwaje na kuliwaje. Mambo hayo yamo katika barua, matangazo ya ubaoni, picha na madaftari ya viongozi wa wanafunzi. Nazo ndizo karatasi zinazotupwa kwanza ofisi inapopakwa rangi.

Wapo wasemao kwamba michezo ni burudani, na kwamba matokeo ya mbio za chuo hayastahili nafasi katika kabati. Kwao, masjala ni ya mihutasari ya vikao na orodha za mitihani. Twawauliza: ni nani ajuaye asubuhi kwamba jioni patatokea jambo kubwa? Tarehe 6 Mei 1954, katika uwanja wa Iffley Road wa Chuo Kikuu cha Oxford, palikuwa na mashindano madogo kati ya chuo na timu ya wageni. Roger Bannister akakimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 59.4, wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 4. Saa zilikuwapo, waamuzi walikuwapo, na daftari lilikuwapo. Lau pasingekuwa na mazoea ya kupima na kuandika hata mbio zisizo na sifa, siku ile ingebaki hadithi ya barazani.

Tusiende mbali, tumtazame ndugu yetu Suleiman Nyambui. Mwaka 1980, huko Moscow, alilitwalia taifa hili nishani ya fedha katika mbio za mita 5,000. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, na ushindi wake katika mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani umeandikwa huko, mbio kwa mbio, mwaka kwa mwaka. Mtoto wa Ukerewe au Musoma atakaye kujua ujana wa shujaa huyo kama mwanamichezo wa chuo hana budi kuuliza Texas. Hatuwalaumu Wamarekani, wametenda wajibu wao. Tunawalaumu wale miongoni mwetu wanaoshangilia uwanjani siku ya mashindano, kisha hawaandiki jina la mshindi, wala umbali aliorusha mkuki, wala muda aliokimbia. Je, kijana huyo akija kuwa bingwa, tutathibitishaje kwamba alianzia kwetu?

Wapo pia wakubalio kutunza, lakini wataka kutunza sifa tu. Hawa ni wa hatari zaidi, kwa maana wanapunguza mizani huku wakijiita wauzaji waaminifu. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Zaidi ya 300 wa chuo hicho walifukuzwa, na Mwalimu Nyerere akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ukificha karatasi za wanafunzi, utafiti wote ni hotuba. Ukificha za serikali, wote ni malalamiko. Ziwekwe pamoja, ndipo msomaji ataona jinsi taifa changa lilivyojiuliza elimu ni ya nani na kwa faida ya nani.

Gazeti la wanafunzi Cheche lilianza mwaka 1969 na likapigwa marufuku mwaka 1970. Ilipita miaka 40 hivi ndipo waliolianzisha wakatoa kitabu cha kumbukumbu zao. Tunawashukuru, lakini urithi wa taifa usitegemee bahati ya wazee kuwa hai na kuwa na kumbukumbu njema.

Na iko aibu iliyo chungu zaidi. Kwa miaka mingi lilikuwapo Mlimani kundi la wanafunzi lililobandika maandishi ya kudhalilisha wenzao kwa jina la Punch, na walioumizwa sana walikuwa wanawake. Mwaka 1990 msichana mmoja alipoteza maisha baada ya kuandamwa na kundi hilo. Nayo yafutwe kwa kulinda jina jema? Hasha! Mdharau mwiba mguu huota tende. Binti anayeingia chuoni leo ana haki ya kujua kwamba usalama wake haukudondoka kutoka mbinguni, bali ulidaiwa kwa msiba.

Kundi la mwisho hutujibu kwamba zama zimebadilika, simu na kompyuta zitatunza kila kitu. Chombo hakitunzi, mtu ndiye mtunzaji. Disketi za miaka ya 1990 leo ni nadra kuzipatia mashine ya kuzisoma, na picha elfu zilizo katika simu iliyoibwa ni sawa na sifuri. Karatasi ina adui zake, mchwa, unyevu na kutu ya pini. Mashine nayo ina zake.

Sheria tunayo. Nyaraka za Taifa zilianzishwa mwaka 1963, na Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka ilitungwa mwaka 2002. Lakini sheria hailijazi jalada tupu. Kwa hiyo twawaelekea ninyi, walimu na wanafunzi wa sekondari, maana shule ndiyo kitalu cha chuo. Siku ya michezo, liwepo daftari moja la shule, si la mwalimu mmoja: tarehe, jina kamili, aina ya mchezo, muda au umbali, na sahihi ya mwamuzi. Kila picha iandikwe nyuma, kwa penseli, nani ni nani, wapi, lini. Gazeti la ukutani likibanduliwa, nakala ihifadhiwe. Neno jipya la mabweni liandikwe pamoja na maana yake, na kwa Kiswahili, lugha ambayo lilizaliwa nayo. Mwalimu akihamishwa, daftari lisihame.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ujana wa taifa ni mali. Anayetaka kutusadikisha kwamba karatasi hizo ni takataka, kwanza na atuonyeshe taifa lililojijua bila kujiandika.