Michoro ya Igeleke na Kompyuta

Karibu na mji wa Iringa, katika mwamba wa Igeleke, wahenga waliacha michoro myekundu ya watu na wanyama. Jua, mvua na mikono ya wageni huififisha michoro ya namna hii. Katika nchi nyingi wapo wapiga picha waliolowesha miamba kwa maji ili rangi zionekane vizuri. Njia hiyo huharibu kile kile kinachotafutwa.

Siku hizi iko njia isiyogusa jiwe. Mwaka 2005 Jon Harman wa Marekani alitengeneza programu iitwayo DStretch, akitumia hesabu iliyobuniwa kwa ajili ya picha zipigwazo kutoka angani. Kompyuta huzitenganisha rangi zinazokaribiana, hata wekundu uliofifia ukajitokeza waziwazi.

Kwa hiyo yafaa vyuo vya Iringa viwafundishe vijana kazi hii. Lakini ufundi huo usitengwe na uaminifu. Rangi zinazotolewa na kompyuta si rangi za mchoraji, na mstari uliojitokeza waweza kuwa doa la jiwe tu. Basi picha ya awali ihifadhiwe bila kubadilishwa, kila hatua ya kuirekebisha nakala yake iandikwe, na kipimo cha urefu na rangi kiwekwe pembeni mwa mchoro wakati wa kupiga picha. Picha yenye maelezo hayo ni ushahidi. Isiyo nayo ni pambo. Mchoro ukishafutika haurejei, na picha iliyotiwa chumvi haitaziba pengo lake.