Kijana, Rimoti ya Slaidi Nayo Ni Zana ya Kazi

Najua wengi mnasubiri mwendelezo wa somo la magonjwa ya ukungu kwenye vitunguu. Litakuja, nimeahidi. Leo naomba mnivumilie, kuna jambo limenikaa kooni tangu msimu uliopita na nisipolisema sitakuwa nimewatendea haki.

Kikundi kimoja cha vijana wa vitunguu, upande wa Ruaha Mbuyuni, kiliitwa kujieleza mbele ya kamati ya mikopo ya taasisi fulani ya fedha. Walipewa dakika 15. Walikuwa wanaomba fedha za kujenga ghala la kukaushia na kuhifadhi vitunguu, ili wasilazimike tena kuuza siku ya mavuno, bei iko chini na mnunuzi anadai lumbesa juu yake. Hesabu zao zilikuwa safi. Nazijua kwa sababu tulizikalia pamoja jioni tatu mfululizo.

Siku mbili kabla, katibu wao, dada mmoja jasiri sana, akanipigia: "Shikamoo bibi shamba. Tumenunua rimoti ya slaidi Kariakoo, tunaisetije?" Mimi nilikuwa napanda bodaboda, nina haraka zangu. Nikamjibu, "Marahaba. Chomeka tu mwanangu, inajisoma yenyewe."

Jibu hilo nalijutia mpaka leo.

Siku ya siku, faili lao lilikuwa PDF, wamelituma kwa barua pepe. Likafunguliwa kwenye brauza ya kompyuta ya wenyeji. Dada akabonyeza kitufe cha kuanza, ukurasa ukajipakia upya. Akabonyeza tena, ukajipakia tena. Akaamua kuanza hivyo hivyo, akabonyeza cha kwenda mbele, slaidi ikapanda nusu ikaganda: nusu picha ya shamba, nusu jedwali. Jasho likaanza kumtoka. Mwisho akamwomba karani aliyekaa karibu na kompyuta awe anamsogezea, ikawa "mbele tafadhali, hapana, rudi, hapo hapo". Katika kuhangaika huko slaidi ya saba ikarukwa. Slaidi ya saba ndiyo iliyokuwa na bei ya mavuno na bei ya miezi miwili baadaye. Mjumbe mmoja akauliza, "Sasa faida ya hilo ghala inatoka wapi?" Muda ukaisha kabla hajajibiwa vizuri.

Waliambiwa warudi msimu ujao. Na msimu ule wakauza pembeni ya shamba kama kawaida, lumbesa kama kawaida.

Sasa, yupo mzee mmoja tunayefanya naye kazi, namheshimu sana, aliposikia akacheka: "Hizo ni mbwembwe za vijana. Rimoti inahusiana nini na kitunguu?" Nakubaliana naye nusu. Rimoti haioteshi kitunguu, na hesabu mbovu ikiwekwa kwenye slaidi nzuri inabaki kuwa hesabu mbovu. Nusu nyingine namkatalia. Mkulima wa biashara leo anauza mara mbili: anauza mazao sokoni, na kabla ya hapo anauza wazo lake kwa mwenye mtaji, kwa mnunuzi wa mkataba, kwa wanachama wenzake wa ushirika. Chochote unachokishika mkononi wakati wa kuuza ni zana ya kazi, na zana isiyojaribiwa itakuaibisha.

Nyie wenyewe mnajua. Bomba jipya la kunyunyizia dawa hulijazi sumu ukaingia nalo shambani. Unaweka maji matupu kwanza, unaangalia linavuja wapi, unatembea hatua zako, unapima. Rimoti nayo inataka maji matupu kwanza. Ngoja niwaambie yale ambayo ningemwambia yule dada kama nisingekuwa na haraka.

Kwanza, kifahamu kile kidude. Rimoti nyingi za bei nafuu zinatumia mawimbi ya redio ya 2.4 GHz, kwa hiyo si lazima uilenge kompyuta kama unavyoilenga TV. Zinakuja na kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye USB, mara nyingi kimefichwa ndani ya kifuniko cha betri au ubavuni. Usikipoteze! Kwa rimoti nyingi za namna hii, kipokezi na rimoti vimefungishwa ndoa kiwandani. Kimoja kikipotea, kingine ni mzigo tu. Na kama laptopu yako ina matundu ya USB-C peke yake, tafuta adapta mapema, si asubuhi ya kikao.

Pili, na hili ndilo lililotumaliza sisi: rimoti haijui slaidi ni nini. Kompyuta inaiona kama kibodi ndogo. Kitufe cha mbele kwa kawaida kinatuma Page Down, cha nyuma Page Up, cha kuanza F5, na cha kuzima skrini kinatuma herufi B. Kwenye PowerPoint na kwenye Impress ya LibreOffice, F5 inaanzisha onyesho. Kwenye brauza, F5 ni amri ya kupakia ukurasa upya. Yaani siku ile rimoti ilifanya kazi yake sawasawa kabisa, sisi ndio hatukujua tumeituma wapi. Kwa hiyo nenda na faili la PowerPoint kwenye flashi, lifungue kwenye programu yake, bofya dirisha lake mara moja ili amri zifike hapo, kisha ndiyo ushike rimoti. PDF iwe akiba.

Tatu, kuiprogramu. Hapa vijana wengi mnaogopa bure. Zile za bei ya juu, mfano Spotlight ya Logitech, zina programu yake ambamo unakipa kitufe kazi nyingine ukikishikilia, na inaweza hata kutetemeka mkononi muda ukikaribia kuisha. Ni nzuri, ila kwa maoni yangu kikundi kinachoanza hakina sababu ya kutoa fedha hiyo. Chukua ya kawaida. Kama unatumia Windows, pakua PowerToys ya Microsoft, ni bure, ndani yake kuna Keyboard Manager. Hapo unaiambia kompyuta: ukipokea kitufe hiki, kifanye kile. Mfano, ukilazimika kutumia PDF, ifungue kwenye Acrobat Reader badala ya brauza, kisha iagize F5 iwe Ctrl+L, ambayo huko ndiyo amri ya kujaza skrini nzima. Hapo ukurasa mmoja unakaa kama slaidi moja, na Page Down inaruka ukurasa mzima.

Ila kumbukeni mambo mawili. Mpangilio huo unabadilisha na F5 ya kibodi ya laptopu yenyewe, kwa hiyo ukimaliza kikao uzime. Halafu unakaa kwenye kompyuta yako tu. Ukiazima ya wenyeji, umerudi sifuri. Ndiyo maana nawashauri muende na laptopu yenu, hata kama ni ya zamani.

Nne, kipanya. Baadhi ya rimoti zina hali ya kipanya: unahamisha swichi au unashikilia kitufe, mshale unatembea kwa kufuata mkono. Inasaidia kubofya video au kiungo. Lakini kama hujaizoea usiiguse mbele za watu, maana ukisahau kuirudisha, vitufe vinaweza visifanye ulichotarajia, na watu wanakutazama wewe.

Tano, vitu vidogo vinavyoangusha wakubwa. Weka betri mpya, beba na za akiba. Zima swichi ukimaliza. Ikikatakata, hamisha kipokezi kutoka kwenye tundu la USB 3.0, mara nyingi lile lenye rangi ya buluu ndani, ukiweke la kawaida, kwa sababu vifaa vya USB 3.0 vinaweza kuvuruga mawimbi ya 2.4 GHz. Waya mfupi wa kurefusha USB nao unasaidia. Leza usimmulike mtu machoni hata kwa utani. Na kama wenyeji wana TV badala ya projekta, nukta ya leza karibu haionekani kabisa. Kwenye PowerPoint onyesho likiwa linaendelea, bonyeza Ctrl+L, mshale unageuka kuwa nukta nyekundu ndani ya skrini yenyewe, hiyo kila mtu anaiona.

Mkiniuliza kitufe gani ni cha thamani kuliko vyote, sitasema cha mbele. Nitasema kile cha kuzima skrini. Ukifika kwenye hoja yako kubwa, zima skrini, watazame watu, waambie kwa mdomo wako: tukiuza leo tunapata hiki, tukisubiri miezi miwili tunapata kile, na ghala ndilo linalotuvusha hapo katikati. Mtu anamkopesha mtu, hakopeshi slaidi. Faida yote ya rimoti ni kwamba inakutoa nyuma ya kompyuta usimame mbele ya watu ukiwa mikono huru na uso juu. Kama inakufanya uinamie vitufe, iweke mfukoni uongee.

Na hapo ndipo kosa langu la pili. Tulifanya mazoezi ya hesabu, hatukufanya mazoezi ya kuzisema bila skrini. Yule dada alikuwa anazijua zile bei za slaidi ya saba kwa kichwa. Angeulizwa shambani angezitaja usingizini. Lakini kwa kuwa hazikuwa ukutani, alijiona kama hana.

Wanarudi mbele ya kamati mwezi ujao. Mara hii tumekutana mara tatu ofisi ya kata, tukaazima projekta, tukachomeka, tukachomoa, tukazima skrini makusudi katikati. Mara ya mwisho nilichomoa kipokezi kimya kimya nikakificha mkononi. Dada akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena, kimya. Akaweka rimoti mezani, akasogea hatua moja mbele, akaendelea na bei zake kama hakuna kilichotokea.

Nikamrudishia kipokezi chake. Sasa naona wako tayari.

Kama kikundi chenu kina kikao mbele yenu, msisubiri siku mbili za mwisho kunipigia. Na mkinipigia nikawajibu "chomeka tu", nikatalieni. Tukutane kwenye somo la ukungu.