Faida Yake Nini?

Kila nizungumzapo habari za galaksi za mbali, hakosi mtu wa kuniuliza: "Na faida yake nini?" Kuuliza si ujinga. Lakini wengi waulizao hivyo hawangoji jibu. Wamekwisha kukata shauri kwamba ni upuuzi. Hao ndio ninaotaka kubishana nao.

Mwaka 1995 Robert Williams, mkurugenzi wa taasisi iliyosimamia kazi za darubini ya Hubble huko Baltimore, Marekani, aliamua kuielekeza kwa siku 10 mfululizo kwenye kijisehemu cha anga kilichoonekana kitupu. Kilikuwa kidogo kama punje ya mchanga iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa. Baadhi ya wataalamu wenzake wakamwonya. Darubini ilikuwa imekwisha kuaibika kwa kasoro ya kioo, iliyorekebishwa mwaka 1993; isipoona kitu tena, watu watasemaje? Hakuwasikiliza. Zikaonekana galaksi zipatazo 3,000, nyingine zikiwa kama zilivyokuwa zaidi ya miaka bilioni 10 iliyopita, maana mwanga utokao mbali huchelewa kufika.

"Lakini fedha!" wataniambia. "Na watu wana njaa!" Kweli, darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, iligharimu takriban dola bilioni 10. Ni nyingi, sikatai. Ila mimi bado sijaona ghala la chakula lililojaa kwa sababu darubini haikujengwa. Mwenye njaa anatajwa ili kunyamazisha watu, kisha anasahauliwa.

Kwa darubini hiyo ilipatikana galaksi iliyotangazwa mwaka 2024, ambayo tunaiona kama ilivyokuwa wakati ulimwengu una umri wa miaka milioni 300 hivi. Mwaka 2025 wataalamu waliotumia darubini za ALMA, nchini Chile, wakatangaza kwamba humo mna oksijeni. Ulimwengu haukuanza na oksijeni. Hupikwa ndani ya nyota. Basi hata mapema vile, zilikwisha kuwapo nyota zilizozaliwa na kufa.

Na oksijeni ndiyo uivutayo, ewe uniulizaye faida. Hata pumzi unayoitumia kunidharau ilipikwa na nyota.

Siwezi kukuahidi faida nyingine. Williams naye hakuweza. Adaiye faida kabla ya kutazama hatatazama kamwe, kisha atajisifu kwamba hakukuwa na kitu.